Noti zote za pavana ninazo, mbona haichezeki?

#1. Mshona Nyuzi, Morogoro
Habari za jioni wakuu.

Nina mwezi wa nane najifunza gitaa la nailoni, napiga kwa vidole bila risha. Mwalimu wangu ni simu, daftari na jirani mwenye subira. Nilipochoka na mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi za sauti, nikaangukia muziki wa dansi wa Ulaya wa miaka ya 1500: pavana, galiadi, branli, vitu vya namna hiyo. Sasa hivi nimeng'ang'ana na pavana ya kwanza ya Luis Milán, yule Mhispania, kwenye kitabu chake El Maestro kilichochapwa Valencia mwaka 1536.

Noti zote ninazo. Metronomu, ile mashine ya kuhesabu mapigo, naifuata, nimeiweka 54 kwa dakika. Lakini nikijirekodi na kusikiliza, ni kama mtu anasoma majina ya waliotoa rambirambi. Jana mke wangu kaniuliza, "Na hii watu walikuwa wanasimama kuicheza?" Nikakosa la kusema.

Kinachokosekana ni nini? Gitaa, vidole, au mimi mwenyewe? Natanguliza shukrani.

#2. chura_mkavu
Naweka mkeka hapa nisubiri wajuzi. Leo tumepata uzi wa nyuzi.

#3. FundiKapo, Arusha
Mkuu, kabla hujajilaumu: uzi wa tatu umeushusha?

Milán hakupiga gitaa kama hili lako. Alipiga vihuela, chombo chenye umbo la gitaa lakini kimetyuniwa kwa mpangilio wa luti (chombo kingine cha nyuzi cha Ulaya ya zamani), jozi sita za nyuzi. Kwenye gitaa letu, ule mruko wa sauti ulio mfupi kuliko mingine upo kati ya uzi wa pili na wa tatu. Kwenye vihuela na luti upo kati ya wa tatu na wa nne. Shusha uzi wa tatu nusu toni, kutoka G hadi F shapu, mpangilio unakuwa uleule. Ukitaka na kimo cha sauti kifanane na luti ya G, bana kapo, kile kibanio cha shingoni, freti ya tatu. Kazi imeisha.

Usidhani ni mapambo. Kwa tyuni ya kawaida kuna mahali unalazimika kukiinua kidole kilichoshika besi ili kikimbilie noti ya juu, na besi inakufa kabla ya wakati wake. Pavana ina sauti tatu au nne zinazotembea pamoja. Moja ikifa njiani unasikia tundu. Matundu hayo ndiyo rambirambi zako.

#4. Mshona Nyuzi
Sijaushusha. Nakala niliyonayo imepangwa upya kwa gitaa la kawaida. Nitajaribu usiku huu.

#5. Kamba Mbili, Dar
Nampinga FundiKapo kwa heshima zote. Kushusha uzi kunasaidia mkono wa kushoto, sawa, lakini nimewahi kumsikia mtu akipiga pavana hiyohiyo kwa tyuni ya kawaida na mguu wangu ukatikisika bila ruhusa.

Mimi nauliza hiyo 54. Ni 54 ya nini, ya noti za robo au za nusu? Wahariri wa siku hizi wengine huzikata thamani za noti za zamani, nusu ikageuka robo, wengine huziacha zilivyo. Ukikutana na karatasi iliyojaa noti nyeupe, zile ndefu kama nusu, unadhani ni muziki wa polepole, kumbe macho yanaudanganya mkono. Milán mwenyewe ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuchapa maneno ya kuelekeza kasi ya vipande vyao. Nadhani alishaona tutakakopotelea.

#6. Mshona Nyuzi
54 ya robo. Nimeangalia tena, karatasi yangu ina noti nyeupe nyingi mno. Mungu wangu.

#7. Kamba Mbili
Basi unakwenda nusu ya mwendo au chini ya hapo. Hiyo si pavana, hiyo ni foleni ya Mbagala.

#8. Mama Hatua, Utrecht
Hamjambo. Mimi si mpiga gitaa, nimeingia kwa mlango wa uani. Naishi Utrecht, mji wenye tamasha la muziki wa kale kila mwaka mwishoni mwa Agosti, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikienda jioni moja kwa wiki kujifunza hizo dansi zenyewe, kwa miguu.

Kitabu tunachokitegemea kwa pavana ya Kifaransa ni Orchésographie cha mwaka 1589, cha Thoinot Arbeau. Hilo ni jina la kujificha, ukizipanga upya herufi zake unapata Jehan Tabourot, padri wa Langres. Ndiyo, padri anafundisha dansi. Ameandika kama mazungumzo na kijana anayeitwa Capriol. Pavana kwake ni hivi: hatua moja na kusita, hatua nyingine na kusita, halafu hatua tatu mfululizo na kusita. Mbele, kisha nyuma. Ngoma inayosindikiza inapiga ndu, ndu-ndu, ndu, ndu-ndu, moja ndefu na mbili fupi, tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa Mshona Nyuzi, simama sebuleni uitembee kwa hiyo 54 yako. Mguu utabaki hewani kama wa korongo. Ukishaona aibu, utajua kasi.

Galiadi ndiyo inakataa kabisa mzaha. Mapigo sita: unarusha mguu mara nne, pigo la tano unaruka, la sita unatua. Huwezi kubaki angani kwa kusubiri mpiga gitaa atafute kodi (zile noti kadhaa za kupigwa pamoja). Uzito wa mwili wako ndio metronomu. Ukipiga polepole mno wachezaji wanatua kabla yako, ukipiga mbio hawapati muda wa kuruka. Halafu mara nyingi galiadi inaifuata pavana ikiwa na melodi ileile, imevuliwa kanzu ikavishwa kaptula.

#9. chura_mkavu
Padri anafundisha kuruka. Na sisi kwaya yetu tulizuiwa kuyumba.

#10. Mshona Nyuzi
Mama Hatua ahsante sana. Nimetembea sebuleni. Mwanangu wa miaka sita ameniuliza kama nimeumia mguu.

#11. Mwana Katanga, Lubumbashi
Jambo bandugu. Naona munaongea kapo, munaongea miguu, hakuna mwenye anaongea gumba.

Kwetu huku bazee ba gitaa bakavu banapiga na vidole mbili tu, gumba na kile cha kuonyesha. Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa kwetu, wakati mrekodi muziki Hugh Tracey alimurekodi wimbo yake Masanga kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa anapiga namna hiyo, gumba inashika besi, kidole kinajibu juu. Ukisikia unasema ni watu mbili. Na wapiga luti ba zamani nabo balikuwa hivyo: gumba kwenye pigo la nguvu, kidole cha kuonyesha kwenye pigo dogo, gumba, kidole, gumba, kidole. Kwenye karatasi zao noti yenye kidoti chini ni ya kidole, isiyo na kidoti ni ya gumba.

Wewe Mshona Nyuzi, nahakika unapiga melodi na kidole cha kwanza na cha kati, kwa usawa, kama vile shule ya gitaa la klasiki inafundisha. Noti zote zinatoka na uzito mumoja. Muziki wa dansi unataka nguvu-dogo, nguvu-dogo. Gumba inaleta ile yenyewe bila kufikiri.

#12. Mshona Nyuzi
Umenipata. Cha kwanza na cha kati, ndivyo video zinavyosema.

#13. Binti Risha, Unguja
Assalam alaykum. Mwana Katanga kasema vizuri ila hadithi ianze nyuma kidogo.

Luti yenyewe ni mtoto wa udi. Hata jina: Waarabu wanasema al-ʿud, Wahispania wakalifanya laúd, huko mbele likawa luti. Sisi huku udi tunao mpaka leo kwenye taarabu, na tunaupiga kwa risha. Na Wazungu nao walikuwa wakiipiga luti kwa unyoya. Ni kuelekea mwisho wa miaka ya 1400 ndipo wengi walipouweka chini wakatumia vidole, kwa sababu walitaka kupiga sauti kadhaa kwa pamoja, na risha moja haiwezi kuruka nyuzi. Gumba na kidole kupishana ni risha ileile ya chini na juu, imehamia kwenye nyama. Mie nasoma udi kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi hapa Unguja, mwalimu akinisahihisha mkono ananiambia "chini, juu, chini, chini". Nikisoma maelezo ya luti naona ni mkono ule ule.

Kwa hiyo ushauri wangu: ipige ile melodi peke yake kwa risha wiki nzima. Baadaye irudishe kwenye vidole.

#14. chura_mkavu
Udi huu ndio ule wa kufukiza?

#15. Binti Risha
Ule ni mti, na huu ni mti. Neno lenyewe kwa Kiarabu maana yake ubao. Wewe fukiza tu.

#16. Kamba Mbili
Mwana Katanga, nakusahihisha kidogo. Uliyosema ni kweli kwa luti. Lakini swali ni la Milán, na Milán ni mtu wa vihuela. Yeye anataja namna mbili za kupiga noti za mbio: vidole viwili, na dedillo, yaani kidole cha shahada peke yake kinakwenda na kurudi kama risha. Miguel de Fuenllana, kipofu aliyetoa kitabu Sevilla mwaka 1554, anazipima namna zote, na anaisifu ile ya kidole cha kwanza na cha kati. Kwa hiyo mleta uzi hajakosea kihistoria. Amekosea tu kasi, kama nilivyosema #5.

#17. Mwana Katanga
Sawa, nakubali Fuenllana. Lakini kidole kinachokwenda na kurudi nacho kina noti nzito na noti nyepesi. Kucha inarudi nyepesi. Hoja yangu iko palepale.

#18. Bahari Kuu, Mombasa
Salaam. Mimi nacheka peke yangu. Mwaka 1589 padri wa Mama Hatua anaandika jinsi ya kuruka, mwaka huohuo sisi Mombasa tuna Wazimba upande wa bara na manowari za Wareno upande wa bahari. Kila mtu aliruka kivyake.

Lakini si ndio hao Wareno walioleta magitaa Pwani? Ngome Yesu walianza kuijenga 1593, wakakaa miaka mia na zaidi. Huenda hii pavana yenu ilishapigwa humo ndani kabla babu zenu hawajazaliwa. Na huenda vidole vya Katanga vimeanzia hapo.

#19. Mwana Katanga
Apana ndugu. Gitaa ya kwetu ilikuja na reli na migodi, miaka ya 1900. Kutoka Mombasa ya Wareno mupaka Likasi ya shaba ni mbali sana.

#20. Binti Risha
Bahari Kuu, hata mie nimewahi kuipenda dhana hiyo, ila hakuna wa kuishuhudia. Kilichoandikwa ni kinyume chake. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, Wareno ndio walioduwaa kwa muziki wa wenyeji: wapiga tarumbeta, na siwa mbili za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Walisema zinapatana vizuri na zile tarumbeta. Sisi ndio tuliowachezesha.

#21. Bahari Kuu
Hapo nimeridhika. Endeleeni.

#22. Mzee wa Ridhimu, Dodoma
Vijana, mimi nilipiga ridhimu kwenye bendi miaka ya sabini na themanini, jazi kama tulivyoita. Hizo pavana sizijui. Ila mjukuu wangu amenisomea uzi huu na amenipigia Guárdame las vacas ya Luis de Narváez, Mhispania mwingine wa vihuela, iliyochapwa Valladolid mwaka 1538. Nikamwambia acha, rudia, acha. Nikachukua gitaa. Ukiiweka kwenye A maina, kodi zake ni C, G, A maina, E, halafu C, G, A maina na E kwa pamoja, inafungwa A maina. Inazunguka. Inazunguka tena juu yake wanabadilisha solo. Nikamwambia huyu Mhispania alikuwa na bendi kichwani.

Sasa mleta uzi, wewe umejifunza noti moja moja. Hebu ziache. Piga kodi tupu kwa dakika kumi, kama mtu wa ridhimu, hadi mkono usahau. Ukirudi kwenye noti zako utaona zingine ni za kupita tu, hazina haja ya kutamkwa. Mwimbaji akitamka kila herufi huwezi kucheza.

#23. Mshona Nyuzi
Shikamoo mzee. Hili la noti za kupita limenigusa. Mimi nimekuwa nikizitamka zote kwa nguvu kama mhubiri.

#24. FundiKapo
Marahaba ni ya mzee, na mimi niongeze langu.

Bado mnaipuuza tyuni. Ngoja niwape kisa. Hans Neusidler, mpiga luti wa Nuremberg, ana dansi moja kwenye kitabu cha 1544 ambayo kwa miaka mingi wasomi waliitoa kama mfano wa muziki wa ajabu, wenye funguo mbili zinazogombana kwa wakati mmoja. Watu wakaandika maelezo marefu: dhihaka, ubunifu uliotangulia wakati wake. Baadaye ikagundulika kwamba luti ilitakiwa ityuniwe tofauti kwa dansi hiyo, na waliokuwa wakiiandika upya walishindwa kulielewa agizo hilo. Ukityuni sawasawa, inakuwa dansi ya kawaida tu. Kwa hiyo tafadhali. F shapu.

Na huyohuyo Neusidler ndiye wa kuanza naye, kuliko Milán. Kitabu chake cha 1536 alikiandika kwa wanaoanza, vipande vinapanda taratibu, na kuna alama za kuonyesha kidole gani usikiinue. Aliijua shida ya besi inayokufa miaka karibu 500 kabla yangu.

#25. Lulu ya Bagamoyo
FundiKapo, nikusahihishe kabla watu hawajaenda kushusha nyuzi za tatu nchi nzima. Si muziki wote wa gitaa wa wakati ule unaohitaji hivyo. Kulikuwa na gitaa lenyewe, dogo, la jozi nne, na mpangilio wake ni sawa kabisa na nyuzi nne za juu za gitaa letu la leo. Alonso Mudarra aliweka vipande vyake vichache kwenye kitabu cha Sevilla cha 1546, na Adrian Le Roy alitoa vitabu vizima Paris miaka ya 1550: branli, galiadi, pavana, zote ndogo ndogo na tamu. Hapo unasoma moja kwa moja, G inabaki G. Ukishusha unaharibu.

Mimi nilianzia hapo kwa sababu mkono wangu ni mdogo. Nyuzi nne tu, hata ukulele inatosha. Branli ya mistari miwili unaimaliza jioni moja na watoto wanaruka.

#26. FundiKapo
Hilo nakubali. Nilikuwa naongelea vihuela na luti.

#27. chura_mkavu
FundiKapo amekubali jambo. Pigeni picha.

#28. Juu Chini, Kisumu
Mimi pia nina kosa langu la kuungama. Nilipakua picha za kitabu cha zamani, zile tabulatura zenyewe, mistari sita na namba juu yake. Kwa Milán mstari wa juu ni uzi wa sauti ya juu, kama tabo za kisasa. Nikakariri hivyo. Nikahamia kwa Narváez, nikasoma vilevile. Wiki mbili napiga kitu cha ajabu, besi inaimba na melodi inanguruma, najiambia ndio ladha ya kale hiyo. Kumbe Wahispania wengine wote walifuata Waitaliano: mstari wa juu ni uzi wa sauti ya chini kabisa. Unasoma kama unajitazama gitaa limelala mapajani. Wafaransa nao wanaandika herufi badala ya namba, na Wajerumani wa Neusidler hawana mistari kabisa, kila mahali kwenye shingo pana alama yake. Sasa najua kwa nini inaitwa tabu.

#29. Kamba Mbili
Wiki mbili?

#30. Juu Chini
Nilishawapigia hadi wageni. Walipiga makofi.

#31. Mshona Nyuzi
Yangu ni ya kisasa, nashukuru sikupitia huko. Swali lingine kwa wote: kila sehemu imeandikiwa irudiwe. Nikirudia, ile mara ya pili ndiyo inachosha zaidi. Je, niziruke marudio?

#32. Mama Hatua
Usithubutu! Wachezaji wamehesabu. Ukiruka marudio, nusu ya watu wanakwenda mbele na nusu wanarudi nyuma.

#33. Lulu ya Bagamoyo
Marudio ni mahali pa kupamba. Mara ya kwanza unaipiga tupu, mara ya pili noti ndefu unaikata kuwa nne au nane ndogo, unapita juu yake. Kwa John Dowland, yule Mwingereza, utaona mara nyingi amekuandikia kabisa: sehemu ya kwanza, halafu sehemu hiyohiyo imepambwa, ya pili, imepambwa, ya tatu, imepambwa. Soma galiadi zake mbili tatu utazoea mkono wake, kisha jaribu mwenyewe. Anza na mapambo ya mahali pamoja tu, pale panapofungwa sentensi.

Nadhani ndiyo shida yako kuu kwa kweli. Kitu kimoja mara mbili bila kubadilika ni tangazo, si dansi.

#34. Mzee wa Ridhimu
Lakini mapambo bila ridhimu ni kelele. Wengi niliowaona walianza mapambo mapema.

#35. Nyama na Kucha, Mwanza
Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu nyuzi zenyewe? Mimi niliweka nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa sababu fundi mmoja aliniambia zinadumu. Mwezi wa pili daraja likang'oka lote na kipande cha ubao. Luti zilivaa nyuzi za utumbo wa kondoo, laini, hazikazwi sana. Chuma kinaita muda mrefu mno, noti ya jana inaingilia ya leo. Na kucha ndefu zinatoa mlio mkali. Nilikata kucha zangu zote, sauti ikawa ndogo, lakini ikawa na mwili.

#36. Mwana Katanga
Masanga ni chuma kavu na inachezeka.

#37. Nyama na Kucha
Masanga si pavana.

#38. Mwana Katanga
Miguu haijui tofauti.

#39. Bahari Kuu
Nimeenda kutafuta hicho kitabu cha padri. Branli ya farasi, watu wanakanyaga chini kama farasi. Branli ya wafua nguo, wanapiga makofi kama kufua. Na kuna nyingine, branli de l'Official, nikaisikiliza nikasema hii naijua! Kumbe ndiyo melodi ambayo Waingereza waliivika maneno ya Krismasi mwaka 1924. Nimekuwa nikiisikia kila Desemba nikidhani ni ya malaika, kumbe watu walikuwa wanaichezea.

#40. Mama Hatua
Na kuichezea kweli, wanaume wanawanyanyua wanawake. Mleta uzi, hiyo ndiyo ya kuanzia. Huwezi kuipiga kama rambirambi hata ukitaka. Na usiogope umri: Malkia Elizabeth wa Kwanza akiwa amepita miaka 55, mtu wa ikulu yake aliandika kwamba galiadi sita au saba asubuhi ndiyo mazoezi yake ya kawaida.

#41. chura_mkavu
Mimi ngazi za ofisini tu nahema.

#42. Kamba Mbili
Kwa anayetafuta za kupiga na wenzake: Danserye ya Tielman Susato, Antwerp 1551, na Terpsichore ya Michael Praetorius, 1612, zaidi ya dansi 300. Ila zile zimepangwa kwa sehemu nne na zaidi, gitaa moja haliwezi kubeba zote. Chukua sauti ya juu kabisa na besi, za kati ziweke pale vidole vinapokuwa na nafasi. Wapigaji wengi hujiua kutaka kubeba zote.

#43. FundiKapo
Kwa F shapu unabeba tatu bila kujiua.

#44. Mshona Nyuzi
Wakuu nimerudi baada ya siku tano. Nimerekodi mara tatu, sikilizeni hapo chini.

Ya kwanza: F shapu, kapo ya tatu, metronomu kwenye nusu noti. Ya pili: umeme ulikatika, simu yangu ikazima, nikarekodi kwa simu ya mke wangu jikoni, tyuni ya kawaida, bila metronomu, melodi kwa gumba na kidole kama Mwana Katanga alivyosema, angalau pale nilipokumbuka. Ya tatu: F shapu tena, na mapambo ya Lulu.

Mke wangu amesikiliza zote. Anasema ya pili.

#45. Kamba Mbili
Ya pili kweli. Umetoka kwenye mashine ukaanza kutembea. Nilisema kasi.

#46. Mwana Katanga
Ni gumba hiyo. Sikia sehemu ya pili, noti nzito na nyepesi zimepangana zenyewe.

#47. FundiKapo
Siku tano umepiga kwa F shapu ndipo mkono ukajifunza kushikilia besi, ukaupeleka huo ujuzi kwenye tyuni ya kawaida. Na hata hivyo kuna tundu moja karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza. Kwenye rekodi ya kwanza tundu hilo halipo.

#48. Lulu ya Bagamoyo
Ya tatu ina mapambo mazuri kuliko unavyodhani. Ila unayapiga ukiwa na hofu, unakaza kabla ya kufika.

#49. Mzee wa Ridhimu
Kijana, hongera. Ya pili. Noti za kupita umeziacha zipite.

#50. Mama Hatua
Nimeweka ya pili hapa na wenzangu wawili, tumeitembea korido nzima. Inatembeka. Lakini kuna sauti nyuma ya rekodi, chwaa, chwa-chwa, chwaa, chwa-chwa. Ni ngoma ya padri kabisa! Umeitoa wapi?

#51. Mshona Nyuzi
Hata sikuigundua hadi uliposema. Ni ungo. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele.

#52. Kamba Mbili
Alikuwa anakufuata wewe, au wewe ulikuwa unamfuata yeye?

#53. Mshona Nyuzi
Nimemuuliza. Anasema yeye alikuwa anapepeta mchele.

#54. chura_mkavu
Kwa hiyo wakuu, kesho sokoni ninunue kapo au ungo?